Huna haja ya kuacha ndizi: kupika chakula kinachopandisha sukari taratibu

Tukizungumzia kisukari au unene hewani, swali linalorudi kila mara kutoka Tukuyu, Kiwira, Katumba na vijiji vya jirani ni fupi: "Sasa nile nini?" Mtu ametoka kliniki, ameambiwa sukari imepanda au uzito umezidi, apunguze wanga. Akifika nyumbani anakuta jikoni kuna ndizi, viazi, mahindi na mchele. Anaona kama ameambiwa aache kula kabisa.

Wapo wanaojaribu. Wiki mbili wanakula majani na chai ya rangi, wiki ya tatu njaa inawashinda na wanarudi kwenye mlima wa ugali. Wapo wanaopikiwa kisufuria chao pembeni, wakala peke yao kama wageni ndani ya nyumba yao. Wengine wananunua kwa bei kubwa unga unaosemwa kuwa ni "wa wagonjwa wa sukari", na hela ya dawa inaishia hapo.

Jibu letu ni kwamba karibu kila unachohitaji kinalimwa hapa Rungwe. Kinachotakiwa kubadilika ni mambo manne: aina ya wanga, kiasi chake, kile unachokula pamoja nao, na jinsi unavyoupika. Ukibadilisha hayo, nyumba nzima inaweza kula kutoka sufuria moja.

Wanga wote huishia kuwa sukari

Wengi wetu tukisikia "sukari" tunafikiria ile nyeupe ya kwenye chai. Lakini ugali, wali, mkate, kiazi na ndizi vikishamezwa, tumbo na utumbo huuvunja wanga wake kuwa sukari ndogo iitwayo glukosi, ambayo huingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo unaofungua mlango wa chembe za mwili ili sukari iingie na kutumika kama nguvu.

Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wazima wengi, ufunguo huo haufungui vizuri au hautoshi. Sukari inabaki kwenye damu, na ikikaa juu kwa miaka inaharibu macho, figo, mishipa ya fahamu ya miguuni na moyo.

Wanga ukivunjika haraka, sukari huingia kwenye damu kwa mkupuo. Ukivunjika polepole, huingia kidogo kidogo, kongosho halielemewi, na mara nyingi njaa huchelewa kurudi. Ndiyo maana chakula kinachopandisha sukari taratibu kinamfaa mgonjwa wa kisukari na pia anayetaka kupunguza uzito.

Kipimo cha kasi ya sukari

Mwaka 1981 Daktari David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha kipimo kinachoitwa glaisemiki indeksi. Kwa Kiswahili chepesi tukiite kipimo cha kasi ya sukari. Watu wachache, mara nyingi kumi hivi, hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga, kisha sukari yao hupimwa kwa muda wa saa mbili. Matokeo hulinganishwa na ya glukosi tupu, ambayo imepewa 100.

Chakula chenye 55 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa cha polepole. Kati ya 56 na 69 ni cha wastani. Kuanzia 70 ni cha haraka.

Jedwali la kimataifa lililotolewa mwaka 2008 lina wastani wa vyakula tunavyovijua:

- Maharage: 24
- Maziwa: 39
- Ndizi mbivu: 51
- Magimbi ya kuchemsha: 53
- Ndizi mbichi za kupika: 55
- Viazi vitamu vya kuchemsha: 63
- Wali mweupe: 73
- Mkate mweupe: 75
- Viazi mviringo vya kuchemsha: 78

Utaona kwamba maharage, maziwa, magimbi na ndizi za kupika, vyakula vya siku nyingi vya Wanyakyusa, viko upande wa polepole. Mkate mweupe wa dukani uko upande wa haraka.

Namba hizi ni wastani tu. Chakula hicho hicho hubadilika kwa mbegu, kwa kuiva na kwa mapishi. Ndizi ikiwa mbichi ina wanga mwingi ambao utumbo hauumeng'enyi kwa urahisi. Kadiri inavyoiva, wanga huo hugeuka sukari. Kiazi kilichopondwa hupandisha sukari haraka kuliko kiazi kizima. Unga uliosagwa laini hukimbia kuliko punje nzima. Wanga uliopikwa ukapoa, hasa wa kiazi, sehemu yake hugeuka kuwa mgumu kumeng'enywa.

Namba ndogo si ruhusa ya kula bila kipimo

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kipimo hiki kinaeleza kasi, lakini hakielezi kiasi. Ndizi za kupika zikijaa sahani hadi zimwagike, sukari itapanda hata kama zina namba 55.

Pia hakielezi uzito wa chakula kwa nguvu, yaani kalori. Chipsi huwa na namba ndogo kuliko kiazi cha kuchemsha, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Je, chipsi zinapunguza unene? Hapana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na chipsi hunywa mafuta mengi. Parachichi letu karibu halina wanga, na mafuta yake ni mazuri kwa moyo, lakini gramu 100, ambazo ni kama nusu ya tunda la wastani, zina kalori kama 160. Nusu kwa siku inatosha kwa anayepunguza uzito. Karanga nazo ni nzuri, kiasi cha konzi ndogo.

Kwa hiyo mwenye kisukari aangalie kasi na kiasi cha wanga. Anayepunguza uzito aangalie hivyo pamoja na mafuta.

Kilichobadilika vijijini

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Daktari Donald McLarty na wenzake waliopima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari walikuwa karibu asilimia 1 tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu asilimia 9. Tafiti hizi mbili hazilingani moja kwa moja, maana umri na maeneo ya waliopimwa ni tofauti. Lakini mwelekeo wake ni ule ule wauguzi wanaouona kliniki.

Sababu ni nyingi: umri, urithi, uzito, na kupungua kwa kutembea tangu bodaboda zilipoingia kila kijiji. Chakula nacho kimo. Sembe iliyokobolewa imechukua nafasi ya dona. Kitafunwa cha asubuhi kimekuwa mandazi na mkate badala ya gimbi au kiazi kitamu. Soda imekuwa kinywaji cha heshima kwa mgeni. Maharage, yaliyokuwa nusu ya chakula, yamekuwa mchuzi wa kulowanishia.

Igawe sahani

Huhitaji mzani. Chukua sahani ya kawaida uigawe kwa macho.

Nusu iwe mboga: majani ya maboga, mnafu, mchicha, chainizi, majani ya maharage, kabichi, karoti, nyanya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Robo iwe maharage, njegere, mayai, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi.

Robo iliyobaki ndiyo ya wanga: ugali wa ukubwa wa ngumi yako, au vidole viwili vya ndizi ya kupika, au viazi viwili vya ukubwa wa yai.

Kama nyumbani mnakula sinia moja, ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Mwenye kisukari ajipakulie sahani yake mwanzoni, kutoka sufuria ile ile, kisha akae na wenzake wale pamoja.

Jambo jingine ni mpangilio. Anza na mboga na maharage au samaki, wanga uje mwisho. Utafiti mdogo wa mwaka 2015 mjini New York, wa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, uliona sukari ikipanda kwa kiasi kidogo walipokula kwa mpangilio huo kuliko walipoanza na wanga, ingawa chakula kilikuwa kile kile. Ukimaliza kula, tembea dakika kumi au kumi na tano kabla ya kukaa. Misuli ikifanya kazi huitumia sukari iliyopo kwenye damu.

Sufuria nne za nyumbani

Mbalaga na maharage. Chagua ndizi mbichi zilizokomaa, ambazo hazijaanza kuwa njano. Menya, kata vipande vikubwa. Chemsha kwanza maharage yaliyolowekwa usiku kucha mpaka yaive. Weka ndizi, kitunguu, nyanya na karoti, acha ziive bila kuziponda. Mwishoni ongeza kikombe cha maziwa, au vijiko viwili vya karanga zilizosagwa. Ukiweka karanga, usiongeze mafuta. Maharage yaonekane mengi kuliko ndizi, na pembeni kuwe na majani.

Kande zilizogeuzwa. Kande nyingi huwa mahindi mengi na maharage ya kutafuta. Wewe geuza: vikombe viwili vya maharage kwa kikombe kimoja cha mahindi yasiyokobolewa. Loweka vyote usiku, mwaga maji, bandika kwa maji mapya. Maharage yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, maana maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayosumbua tumbo. Usiweke magadi ili yaive haraka. Magadi yana sodiamu, kama chumvi, na wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia. Kuloweka kunapunguza muda na kuni.

Ugali mdogo na usipa. Pika ugali wa dona. Dona ina pumba na kiini cha mahindi, hivyo ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini bado ni wanga: kipimo ni ngumi. Osha usipa wa Ziwa Nyasa kwa maji ya moto, chemsha na nyanya, kitunguu na limau, weka kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Majani yajae nusu ya sahani.

Viazi vya kupoza. Viazi vya Isongole vipo kwenye orodha ya haraka, lakini si lazima kuviacha. Vichemshe na maganda, acha vipoe kabisa. Menya, kata, changanya na njegere zilizochemshwa, kitunguu, nyanya, robo ya parachichi na maji ya limau. Viazi viwili vidogo kwa mtu, njegere nyingi. Usiviponde.

Kuhusu wali wa Kyela, tunajua ulivyo mtamu na jinsi ulivyo mgumu kuukataa kwenye sherehe. Kula robo ya sahani, weka maharage mengi juu yake, usirudie.

Kama umesikia kwamba ugali wa muhogo au wa ulezi "hauna sukari", si kweli. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Ulezi una madini na nyuzinyuzi, lakini ukisagwa laini na kujaa sahani utapandisha sukari. Hakuna unga unaoliwa bila kipimo, hata ule wa bei kubwa.

Chai, soda na asali

Watu wengi wangeweza kuanza hapa bila kugusa sufuria. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu kama 4. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 36. Chupa ya soda ya mililita 350 inaongeza gramu 35 au zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25.

Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi utazoea. Chai yetu ya Rungwe na maziwa ya ng'ombe wetu yana ladha yake, ukiongeza tangawizi utasahau sukari. Mtindi unywe bila sukari. Asali nayo ni sukari, hata kama imetoka msituni. Juisi ya matunda hupandisha sukari haraka kuliko tunda lenyewe, kwa hiyo tafuna chungwa au nusu ya embe badala ya kukamua.

Asubuhi, gimbi moja au kipande cha kiazi kitamu na yai au maharage kitakushikilia mpaka mchana kuliko mandazi matatu. Uji uwe wa dona au ulezi, wenye maziwa, bila sukari, kikombe kimoja.

Ukiwa unatumia dawa, soma hapa kwa makini

Anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi asipunguze wanga ghafla bila kuongea na mhudumu wa kliniki. Dawa hizo hushusha sukari hata kama hujala, na sukari ikishuka chini ya 4 ni hatari.

Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Koroga haraka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Subiri dakika kumi na tano. Kama hujapata nafuu rudia, kisha kula chakula. Mtu aliyepoteza fahamu asiwekewe chochote mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja.

Wala usiache dawa kwa sababu sukari imekaa vizuri. Mara nyingi imekaa vizuri kwa sababu ya dawa na chakula pamoja. Aliyeambiwa figo zake zina shida amuulize daktari kabla ya kuongeza ndizi, parachichi na maharage, maana vina potasiamu nyingi.

Uzito: kiasi gani kinatosha?

Kwa mtu mzima mwenye urefu wa sentimita 160, uzito uliozidi huanza kilo 64, na unene wa kupindukia huanza karibu kilo 77. Lakini huhitaji kurudi kwenye mwili wa ujana wako ili kupata faida. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002 uliwalenga watu waliokuwa karibu kupata kisukari wapunguze asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa kasi, dakika 150 kwa wiki. Idadi ya waliougua ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wasiofuata mpango huo. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na huhitaji kushinda njaa.

Tunajua pia maneno ya mtaani. Mtu akipungua majirani wanasema, "Amekonda, ana nini?" Wengi wanaogopa maneno hayo kuliko kisukari chenyewe. Dawa yake ni kuwaambia watu wa nyumbani mapema unachofanya na kwa nini. Mama anayepika akielewa, na baba akikubali ugali mdogo bila kununa, kazi imekuwa nusu.

Lakini kama unakonda bila kukusudia, una kiu isiyoisha, unakojoa mara kwa mara usiku, macho yana ukungu au kidonda hakiponi, usisherehekee kupungua. Nenda kapime. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa chini ya 6.1 ni ya kawaida. Ikiwa 7.0 au zaidi, na ikarudia hivyo kwa kipimo kingine, ni kisukari. Katikati ya hapo ni onyo, na ndipo mabadiliko ya chakula yanapofaa sana. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Makandana hapa Tukuyu na ile ya Igogwe zipo kwa wanaohitaji zaidi.

Nani asipunguziwe chakula

Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wazee waliodhoofika wasiwekwe kwenye mpango wa kupunguza uzito bila ushauri wa mhudumu wa afya. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini ina chakula kingi, lakini bado ina watoto wengi waliodumaa, kwa sababu tumbo la mtoto hujazwa wanga mtupu. Maharage, maziwa, mayai, usipa na majani vinavyomsaidia bibi mwenye kisukari ndivyo vinavyomkuza mjukuu. Mjukuu apewe ndizi zake za kutosha na kijiko cha ziada cha karanga.

Anayeshinda shambani na jembe au kuchuma chai kutwa naye anahitaji wanga zaidi ya anayeshinda dukani. Sufuria ni moja, vipimo vinatofautiana.

Kama yote haya ni mengi kwa leo, anza na mawili: jioni hii ongeza maharage na majani, punguza wanga uwe ngumi moja, kesho asubuhi toa kijiko kimoja cha sukari kwenye chai. Fanya hivyo wiki mbili, kisha kapime. Na kama kuna jirani aliyeambiwa ana sukari na sasa anaogopa hata ndizi za mgombani kwake, msomee makala hii.